Kabla Unga Haujashushwa: Mwongozo wa Uwajibikaji kwa Wanaotoa Misaada Mtwara na Lindi

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya asasi ndogo: kikundi cha wanawake chenye cheti cha usajili, kamati ya msikiti, kigango, vijana waliochangishana unga na mablanketi baada ya mafuriko. Mashirika makubwa yana wataalamu wao na vitabu vinene. Ninyi mna lori moja la kukodi, stoo ya kuazima, na mwenyekiti wa kijiji anayepiga simu kila baada ya nusu saa kuuliza mmefika wapi.

Maafa ya kusini tunayafahamu. Mto Matandu na Mavuji hufurika kule Kilwa, kama Januari 2020 maji yalipovikumba vijiji kama Njinjo. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, huku watu wa Mtwara wakiambiwa wahame mabondeni. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja na mvua zilizokata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, malori yakalala njiani. Na tangu vita vya Cabo Delgado vilipoanza mwaka 2017, wapo waliovuka mto Ruvuma wakiwa na watoto mgongoni na wakafikia kwa ndugu zao Wamakonde wa upande huu.

Kila mara huruma haikosekani. Kinachokosekana ni utaratibu, na kwa maoni yangu utaratibu wote unasimama juu ya jambo moja: anayepokea msaada ajue anastahili nini kabla msaada haujafika. Mama asiyejua kwamba fungu lake ni kilo 28 za unga hawezi kulalamika akipewa 20. Atashukuru, atajitwisha, ataondoka, na ninyi mtamwandika kuwa ameridhika. Sanduku la maoni, namba ya simu, kamati ya malalamiko, vyote ni mapambo kama hilo halijafanyika.

Viwango vyenyewe vimetoka wapi

Kwa ufupi, ili mjue mnachokitaja mkiulizwa na mfadhili. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakimbizi walimiminika Goma, mashariki mwa Kongo, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu huku mashirika yamejaa tele. Tathmini iliyofuata ilionyesha udhaifu mkubwa wa uratibu na wa ubora wa huduma. Mwaka huohuo Msalaba Mwekundu, Hilali Nyekundu na mashirika mengine walikuwa wamekubaliana kanuni kumi za maadili, ya kwanza ikiwa kwamba utu wa mtu unatangulia mengine yote, na ya pili kwamba msaada hautolewi kwa kuangalia dini, kabila wala uraia. Mwaka 1997 ukaanza mradi wa Sphere, ambao kitabu chake kinaweka vipimo vya maji, vyoo, chakula, makazi na afya. Toleo linalotumika ni la 2018. Mwaka 2014 kikatoka Kiwango Msingi cha Kibinadamu, ambacho ofisini wengi hukiita CHS tu, kikafanyiwa marekebisho mwaka 2024. Kina ahadi tisa, na zote zimeandikwa upande wa mwananchi: kwamba ashiriki katika maamuzi, apate msaada kwa wakati na unaolingana na mahitaji yake, aandaliwe kwa majanga yajayo, asidhuriwe na msaada huo, aweze kulalamika bila hofu, apate misaada iliyoratibiwa, aone inaboreshwa kutokana na maoni yake, ahudumiwe na watu wenye heshima na ujuzi, na mali iliyokuja kwa jina lake itumike kwa uadilifu.

Sphere inawaambia kiasi gani. CHS inawaambia kwa namna gani. Mkishika vyote viwili mnajitosheleza.

Hatua ya 1: Maandalizi yafanyike kiangazi

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili. Basi kazi ya karatasi ni ya Agosti na Septemba, kabla watu hawajazama kwenye korosho.

Nendeni kwa mtendaji wa kata mkamuulize kamati ya usimamizi wa maafa ni akina nani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati hizi ziwepo tangu mkoa hadi kijiji au mtaa. Mahali pengine zipo kwenye faili tu, na ni heri mlijue hilo mapema kuliko kuligundua maji yakiwa magotini. Jitambulisheni kwa maandishi, pelekeni nakala kwa mkuu wa wilaya, na muulize nani mwingine anafanya nini: TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ina orodha yake ya kaya, Msalaba Mwekundu wana watu wao wa kujitolea, na kanisa jirani huenda linapanga kugawa vilevile kwa watu walewale.

Kisha kila mmoja wenu, pamoja na dereva wa kukodi na wapagazi wa siku moja, asaini karatasi ya maadili. Ukurasa mmoja unatosha. Hatuombi wala kupokea chochote kutoka kwa anayepewa msaada, si fedha, si kuku, si ngono. Hatuwaingizi ndugu zetu kwenye orodha kwa mlango wa nyuma. Hatupigi picha bila ruhusa. Tukiona mwenzetu anakosea tunatoa taarifa. Isomwe kwa sauti kabla ya kusainiwa, maana dereva huwa anasaini chochote ili safari ianze.

Hatua ya 2: Ulizeni kabla ya kununua

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu aliyeko Dar es Salaam anaona video ya nyumba zilizoelea, ananunua nguo za mitumba robota tatu, zinafika kijijini ambako watu wanatafuta jembe na mbegu kwa sababu mafuriko yamechukua shamba na msimu bado haujaisha.

Chagueni siku kwa akili. Vijiji vya pwani kama vya Kilwa au Msimbati vina kalenda ya maji. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, wanawake wako miambani wanatafuta pweza na chaza, na mkutano wenu utajaa wazee wa barazani peke yao. Nendeni wakati wa maji mafu, yasipokupwa sana. Bara, epukeni saa za asubuhi msimu wa palizi. Ijumaa mchana msiitishe chochote.

Mkifika, msiishie kwenye mkutano wa hadhara. Mkutano huwapa sauti wale ambao tayari wanayo. Kaeni na wanawake peke yao, na anayewauliza awe mwanamke. Kungwi au somo, yaani mwalimu wa unyago, anayeheshimika akikubali kuwakaribisha, mtaambiwa mambo ambayo mwenyekiti hayajui: kwamba wasichana hawana taulo za kike, kwamba hakuna anayethubutu kwenda chooni usiku. Mtembeleeni asiyetoka nje. Kwa waliovuka mto, tafuteni mkalimani anayejua Kimakonde cha ng'ambo, Kimwani au Kimakua, na asiwe mtoto wa kiongozi.

Ulizeni maswali matatu ya msingi: mmepoteza nini, mnakula nini sasa na mnakipataje, na tukileta kitu kimoja tu kiwe kipi. Jibu la swali la pili ndilo lenye uzito. Mtu akikuambia wamebakiza makopa ya muhogo mkavu ya kuombwa kwa jirani na ming'oko, viazi vya mwituni, ya kuchimba porini, huyo yuko hatua tofauti na anayesema ameanza kula mara mbili badala ya tatu.

Na kama soko linafanya kazi, fikirieni fedha badala ya magunia. Ila zina mitego yake. Laini ya simu inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mume au la mjukuu aliyeko mjini. Wakala wa kijiji anaweza kukosa fedha taslimu siku ambayo watu mia mbili wanataka kutoa. Ada ya kutolea ni yenu, si ya mlengwa. Iongezeni juu ya kiasi mlichoahidi.

Hatua ya 3: Pigeni hesabu mbele ya watu

Chukueni mfano wa watu 300 waliohifadhiwa shule ya msingi.

Maji: lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Hizo ni lita 4,500, sawa na madumu 225 ya lita 20. Bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, kwa hiyo mabomba mawili. Maji yasiwe mbali zaidi ya mita 500 na foleni isizidi dakika 30. Kila kaya ipate angalau vyombo viwili, kimoja cha kuchotea na kimoja cha kuhifadhia, maana dumu lililotoka kisimani likigeuka mtungi wa kunywea, kuhara hakukawii. Mkiweka klorini, pimeni inayobaki bombani: iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Afisa afya wa kata ana kipimo au anajua aliko mwenye nacho.

Vyoo: mwanzoni kabisa tundu moja kwa watu 50, yaani sita. Haraka iwezekanavyo mfikie tundu moja kwa watu 20, yaani 15, na katika hayo matatu kwa wanawake kwa kila moja la wanaume. Komeo la ndani na taa si anasa.

Sabuni ya kuogea gramu 250 kwa mtu kwa mwezi, ya kufulia gramu 200.

Nafasi ya kulala: mita za mraba 3.5 kwa mtu. Darasa la mita 7 kwa 8 lina mita za mraba 56, kwa hiyo linachukua watu 16. Shule yenye madarasa saba inabeba watu 112. Ninyi mna 300. Hapo mmeshaona kwamba shule ni ya siku chache, na kwamba barua ya kuomba eneo na mahema iandikwe siku ya kwanza, hasa kama maafa yametokea Januari na watoto wanarudi masomoni.

Chakula: wastani wa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mgao unaotumika sana ni unga wa mahindi gramu 400, maharage au kunde 60, unga lishe 50, mafuta 25, sukari 15, chumvi 5. Kaya ya watu watano kwa siku 14 inapata hivi: unga kilo 28, maharage kilo 4.2, unga lishe kilo 3.5, mafuta kama lita 1.9, sukari kilo moja na kidogo, chumvi gramu 350. Kama watu hao wamezoea ugali wa muhogo au mtama, na muhogo mkavu unapatikana jirani, nunueni huo mkaongeze kunde au mbaazi, kwa sababu muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana. Mbaazi za Lindi ni nafuu kuliko maharage ya kusafirishwa kutoka Mbeya, na fedha inabaki kwa mkulima wa hapahapa.

Hamtafika viwango hivi vyote. Karibu hakuna anayefika wiki ya kwanza. Kinachotakiwa ni kuandika mmefikia wapi, kwa nini mmekwama, na nini kinafanyika kupunguza madhara. "Maji ni lita 9 kwa mtu, bowser (lori la maji) linakuja mara moja kwa siku kwa sababu ya barabara, tumeomba la pili" ni taarifa ya kiungwana. Msiandike lita 15 ili mfadhili afurahi, maana akija na dumu mkononi mtaumbuka.

Hatua ya 4: Orodha

Orodha ndiyo kesi. Magomvi mengi ya misaada niliyoyashuhudia kusini yalihusu majina. Unga wenyewe haukuwa na tatizo.

Anzeni kwa kukubaliana kaya ni nini. Mkiandika "mkuu wa kaya" mtapata majina ya wanaume tu, na mwanamume mwenye wake wawili katika vitongoji viwili atapata fungu moja litakaloishia nyumba moja. Andikeni kwa chungu: wanaokula chungu kimoja ni kaya moja. Mke wa pili mwenye jiko lake ni kaya yake. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ambako ukoo wa mama una nguvu na nyumba mara nyingi iko kwa watu wa mke, hili halimshangazi yeyote, linawashangaza wageni tu.

Vigezo vikubaliwe kwenye mkutano wa kijiji, viandikwe ubaoni, viwe vichache na vinavyoonekana kwa macho: nyumba imebomoka, chakula cha ghalani kimelowa, kaya inaongozwa na mtoto au mzee asiye na nguvu kazi, kuna mgonjwa wa kitandani. "Maskini zaidi" si kigezo, ni ugomvi.

Kisha angalieni nani hayumo. Wavuvi walioko dago, yaani kambi ya uvuvi ya muda, hawako kwenye daftari la kijiji. Vibarua waliokuja kwa ajili ya korosho wanachukuliwa kama wapita njia. Wafugaji waliohamia Lindi baada ya kuondolewa bonde la Ihefu kule Mbeya mwaka 2006 bado mahali pengine huitwa wageni, karibu miaka ishirini baadaye, na boma lao likisombwa na maji hakuna anayelitaja. Waliovuka Ruvuma hawana namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Msiifanye kuwa sharti. Na kama orodha imepita kwa mabalozi wa nyumba kumi peke yao, kumbukeni kwamba balozi ni kiongozi wa chama. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini jirani yake wa chama kingine hataiamini orodha hiyo hata ikiwa sahihi. Ipitishwe kitongoji kwa kitongoji, isomwe kwa sauti, na ziachwe siku mbili za watu kupinga au kuongeza.

Kuna mvutano hapa ambao haukwepeki. Orodha ikibandikwa hadharani, wizi unapungua. Ikibandikwa vibaya, mtu anaumbuka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu na ninyi, hata kama ofisi yenu ni chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Ninavyoona mimi: bandikeni jina la mpokeaji, kitongoji na idadi ya walaji. Sababu ya kuchaguliwa isiandikwe kamwe, wala namba ya simu, wala ya NIDA. Anayeishi na VVU na mama aliyekimbia kipigo waingie kwenye orodha kwa kigezo cha kawaida au wapelekewe kwa njia ya kituo cha afya. Kwa waliokimbia vita, msibandike majina kabisa. Someni idadi na kiasi, majina yabaki kwenye jalada lililofungwa.

Hatua ya 5: Tangazo

Hii ndiyo hatua ninayowaomba msiiruke hata kama mmechoka. Siku mbili kabla ya kugawa, bandikeni karatasi moja yenye herufi kubwa ofisi ya kijiji, msikitini, kanisani, zahanati, kwenye kibanda cha bodaboda na kisimani. Iwe hivi:

"Msaada huu umetolewa na (jina la asasi). Utagawiwa Alhamisi kuanzia saa mbili asubuhi, uwanja wa shule. Kaya yenye walaji watano itapata: unga kilo 28, maharage kilo 4 na robo, unga lishe kilo 3 na nusu, mafuta chupa mbili za lita moja, sukari kilo moja, chumvi pakiti moja. Unatosha siku 14. Ni BURE. Hakuna kulipia kuandikwa jina, kubebewa, wala kupewa. Pima mzigo wako kwenye mizani kabla ya kusaini. Ukipungukiwa, ukiombwa chochote, au ukiona jina lako halimo, piga simu (namba) au mwone (jina la mwanamke na la mwanamume). Ukilalamika hutakatwa jina."

Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko zote, kwa sababu hofu ya kukatwa jina ndiyo inayofunga midomo ya watu. Aliyekatwa TASAF, kwa haki au kwa makosa, hasahau.

Wengi hawatasoma. Tangazo lisemwe baada ya swala, baada ya misa, na kwa kipaza sauti cha pikipiki. Watajieni kilo, halafu waonyesheni kwa macho: pangeni fungu moja kamili juu ya mkeka mbele ya ofisi ya kijiji, kila mtu apite alione. Mkulima wa korosho haelezwi maana ya kipimo. Ameshaona kangomba, yaani ulanguzi wa korosho kwa vipimo vya kumpunja, ikimla, na ameshajifunza kusimama karibu na mizani ya AMCOS, chama cha ushirika, akiisoma mwenyewe. Mkimpa unga kwa kupimiwa na sado isiyojulikana ujazo, mnamrudisha kulekule.

Kiasi kikibadilika njiani, na kitabadilika, futeni karatasi ya zamani, andikeni mpya, na semeni sababu. Lori lililolala njiani Somanga si aibu yenu. Aibu ni kugawa pungufu kimyakimya.

Hatua ya 6: Siku ya kugawa

Kivuli, maji ya kunywa na choo viwepo kabla watu hawajafika. Foleni mbili, wazee, wajawazito na wenye ulemavu wakipita kwanza. Malizeni mapema ili wa vitongoji vya mbali wafike nyumbani mchana. Anayetembea peke yake jioni na mzigo wa unga kichwani anajulikana anabeba nini. Kilo 28 si mzigo wa bibi wa miaka sabini, hivyo wekeni fungu la fedha la bodaboda au mkokoteni.

Mizani iwe mbele ya meza ya kusaini, si nyuma. Fomu iwe imeshaandikwa kiasi kabla mtu hajaweka dole gumba. Niliwahi kuona fomu zilizosainiwa zikiwa tupu upande wa kilo, zikajazwa baadaye mjini chini ya feni. Wala hakukuwa na wizi siku ile, unga ulitosha, lakini fomu zile hazikuthibitisha lolote na mkaguzi alizikataa zote.

Wanakamati wawili waliochaguliwa na mkutano, mmoja mwanamke, wahesabu magunia yanaposhuka na yanapobaki. Leja ya stoo, hati ya lori na fomu za wapokeaji vikutane jioni ileile, watu wangali wanakumbuka.

Picha kwa ajili ya mfadhili: ombeni ruhusa kwanza, kabla ya kumkabidhi mtu mzigo na mkiwa mbali na mizani, ili akikataa asione kwamba amehatarisha unga wake. Watoto msiwapige bila mzazi. Magunia yaliyopangwa kwenye mkeka yanapendeza kwenye picha na hayalalamiki.

Hatua ya 7: Malalamiko

Sanduku la mbao ukutani ni rahisi kulitengeneza, ndiyo maana liko kila mahali. Kijiji kimoja nililikuta limefungwa kufuli zuri, ufunguo kwa mtunza stoo, yaani yule ambaye angelalamikiwa. Ndani mlikuwa na karatasi ya pipi.

Waulizeni watu wenyewe wangependa kulalamika vipi. Pwani nimeona wengi wanapendelea kumwambia mtu uso kwa uso, na mtu huyo asiwe wa kijijini. Tengeni meza pembeni siku ya kugawa, na siku ya pili na ya kumi baada yake rudini mkae mahali panapojulikana. Namba ya simu iwe ya mtu asiyehusika na stoo wala orodha. Kubalini "nibipu", maana si kila mtu ana salio.

Daftari liwe na safu tano: tarehe, lalamiko, nani anashughulikia, jibu, na siku mlalamikaji alipojibiwa. Safu ya tano ikiwa tupu, kazi haijaisha. Ya kawaida, kama jina kurukwa au mafuta kuvuja, yajibiwe ndani ya wiki, hata kama jibu ni hapana pamoja na sababu yake. Mazito yasiandikwe kwenye daftari hilo wala yasijadiliwe kijijini. Rushwa na wizi viende kwa kiongozi wa asasi na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113 ni ya bure. Kama anayelalamikiwa ni kiongozi wenu mwenyewe, iwepo njia ya kumfikia mjumbe wa bodi au mfadhili moja kwa moja, na njia hiyo iandikwe kwenye tangazo.

Daftari likikaa tupu msishangilie. Kijiji cha watu elfu mbili kisichokuwa na lalamiko hata moja kina hofu, au hakijui kilistahili nini.

Hatua ya 8: Msaada na ngono

Mwaka 2002 uchunguzi wa Guinea, Liberia na Sierra Leone ulifichua kwamba wapo wafanyakazi wa misaada waliowatoza wasichana ngono kwa chakula. Mwaka uliofuata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka wa kulipiga marufuku, na kanuni zake ndizo zinazofuatwa na kila anayejiheshimu: hakuna kubadilishana fedha, kazi au msaada kwa ngono, hakuna ngono na aliye chini ya miaka 18, na "sikujua umri wake" si utetezi, anayeona au kushuku lazima atoe taarifa.

Huku kwetu lisemeni waziwazi jambo moja. Wapo wanaoamini kwamba mwari akishatoka unyagoni ni mtu mzima. Unyago una heshima zake na wenyewe wanaujua. Kanuni hii haiuhukumu, inahesabu miaka tu. Binti wa miaka 14 aliyechezwa bado ni mtoto mbele ya karatasi mliyoisaini Septemba. Nayo rushwa ya ngono ni kosa la jinai katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007.

Likitokea, msichunguze wenyewe wala msiite wazee wasuluhishe kwa faini. Mpelekeni mhanga hospitali kwanza, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zina muda wake. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lijulishwe, na kwa mtoto kuna namba 116. Mtuhumiwa atolewe kijijini siku hiyohiyo. Jina la mhanga lijulikane na watu wachache kabisa, na msaada wa kaya yake usikatike hata siku moja.

Hatua ya 9: Kufunga hesabu

Baada ya wiki mbili tembeleeni nyumba chache za kila kitongoji, mzichague kwa kuruka, kila ya kumi kwa mfano, na si kwa kuonyeshwa na mwenyekiti. Ulizeni walipokea kiasi gani, walitumia nini, waliuza nini. Mtu kuuza unga si lazima awe mhuni; huenda alihitaji sabuni au nauli ya kwenda Ndanda hospitali, na hilo linawaambia mlipaswa kuleta nini.

Kisha rudini kwenye mkutano wa kijiji na karatasi ya pili yenye herufi kubwa: tulipokea shilingi ngapi, unga umenunuliwa kwa bei gani, usafiri umekula kiasi gani, posho zetu zilikuwa ngapi. Ndiyo, na posho. Mkizificha watu watazikadiria wenyewe, na makadirio yao yatakuwa makubwa kuliko ukweli. Someni malalamiko yaliyokuja, bila majina, na yalivyoshughulikiwa. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, nyingine kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ya tatu iende na taarifa yenu ya mwaka kwa Msajili.

Magunia yaliyobaki yahesabiwe mbele ya wanakamati walewale wawili na yakabidhiwe kwa taasisi, kama zahanati au shule yenye uji wa mchana, kwa hati yenye uzito na saini tatu. Msimwachie mtu binafsi "ayatunze." Yaliyoingia unyevu yafukiwe, na kufukiwa kwake kuandikwe.